Shangazi Ameiachia Shule Vyoo, Bodi Inataka Lango

Mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijakosana na kila mtu ninayemsalimia barabarani.

Mimi ni msusi, nina saluni ndogo, na shangazi yangu aliyenilea, fundi cherehani ambaye watu walimwita Bi Pindo kwa sababu hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake ikiwa na pindo la kwenda upande, amefariki na kuniacha msimamizi wa wosia wake. Hakujaliwa mtoto. Nyumba yake, ile yenye duka la kushonea mbele na vyumba vya wapangaji nyuma, ameagiza iuzwe na fedha zote ziende kwenye shule ya wasichana ya hapa kwetu, shule kongwe waliyosoma hata bibi zetu, vijengwe vyoo vyenye milango na maji, na juu yavyo liandikwe jina la aliyekuwa mwalimu mkuu shangazi alipokuwa akisoma hapo, ambaye wanafunzi walimwita Mama Kengele.

Sasa uelewe kwamba Mama Kengele ndiye aliyemfukuza. Shangazi alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko wenzake, lakini kila mwezi zikifika siku zake alibaki nyumbani, maana choo cha shule kilikuwa mabati na pazia la gunia, na Mama Kengele akamsimamisha mbele ya shule nzima akasema hapa hatufugi wavivu, akamrudisha kwao, ndipo akashika cherehani, akashona sare za shule hiyohiyo maisha yake yote. Kwa hiyo wosia uliposomwa kwa wakili sote tulielewa kwa nini jina hilo liende chooni, baba mdogo akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu alipotambua kwamba nyumba kweli inaondoka akaacha kucheka, akasema marehemu hakuwa na akili timamu na atakwenda mahakamani.

Baba mdogo simwogopi. Shida imeanzia shuleni. Mwenyekiti wa bodi alinifuata saluni nikiwa na kichwa cha mteja mkononi, yeye na suti yake na tai, akasema wameupokea mchango kwa mikono miwili ila kuna marekebisho madogo, kwamba shule inakaribia kutimiza miaka mia, wageni wakubwa watakuja, na lango limechakaa.

“Dada yangu, mgeni anapita langoni, hapiti chooni,” akasema. “Tutajenga lango la mawe, na jina la shangazi yako mwenyewe tutaliandika kwa dhahabu. Choo kina heshima gani?”

Mteja wangu akamjibu palepale kitini, “Subiri tumbo likukate, utaiona heshima yake.”

Nilimwambia nitafikiri, na kusema kweli nilitamani kuliona jina la shangazi kwenye dhahabu.

Kabla sijaamua, Mama Kengele akaniita. Yu hai, mzee sana, anaishi kwa mjukuu wake muuguzi. Nilikwenda nimejiandaa kutukanwa, nikamkuta amekaa kitandani, gauni limetandazwa kwenye kiti, ananiuliza kama zambarau inafaa kuvaliwa kwenye uzinduzi.

“Yule mtoto nilimfukuza,” akasema, “na ndiye pekee aliyenikumbuka. Hao niliowapa vyeti hata salamu hawaniletei.” Akanieleza kwamba kila mwaka aliomba vyoo, bodi ikajenga ukumbi, akaomba tena, ukumbi ukapakwa rangi. Kisha akasema, “Kumbe alijua kwamba niliviomba.”

Mshauri, nifanye nini sasa? Nimwambie kwamba ni tusi? Na kama si tusi? Nikubali lango yaishe? Shangazi alikusudia nini hasa?

Mimi, Msusi.

JIBU

Marahaba, Msusi, na pole kwa msiba. Shangazi wa namna hiyo hupatikana kwa nadra. Pole umeipata, sasa nikukaripie kidogo.

Unaniuliza alikusudia nini. Hakukuachia fumbo, alikuachia kazi. Amesema vyoo, milango, maji na jina. Mteja akikuomba umsuke mistari, huwa unakaa kutwa unawaza anamaanisha nini?

Na hiyo dhahabu uliyoitamani nimeiona. Shangazi yako alikuwa na nafasi ya kuomba jina lake liandikwe, hakuomba. Usimwombee wewe ukasingizia mapenzi.

Baba mdogo mwache aende. Mtu aliyeuelewa wosia hadi akatokwa machozi atapata tabu kumweleza hakimu kwamba aliyeuandika alikuwa mwehu.

Mwenyekiti mjibu mbele ya wakili, kwa adabu: asiyetaka vyoo hana mchango. Tena usiikabidhi bodi fedha. Mwombe wakili aweke masharti kwamba fundi atalipwa kila hatua ya ujenzi ikionekana kwa macho, la sivyo utaamka ukute vyoo vimegeuka rangi ya ukumbini.

Kuhusu Mama Kengele, usimwambie ni tusi, kwa sababu hujui kama ni tusi. Ulichonacho ni kicheko cha baba mdogo, na hicho si ushahidi. Lakini usimtakase pia. Aliiomba bodi vyoo, na mtoto aliyevikosa akamwita mvivu. Yote mawili ni yake, na naona anayafahamu kuliko sisi. Mwambie gauni linafaa. Siku hiyo mpeni nafasi ya kuzungumza na wasichana, na atakalosema liwe lake. Alimfukuza mtoto mbele ya watu, hahitaji mkalimani.

Wewe kazi yako ni nyingine. Kabla wageni hawajafika, pita mlango mmoja mmoja, jaribu komeo, fungua bomba. Maji yasipotoka, usiruhusu mtu yeyote akate utepe, hata awe mwenyekiti.