Taa ya Chumbani kwa Baba Mkwe

Ikuti, Rungwe
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Sisi huku ni wazima, mvua tu ndiyo haitaki kupumzika. Mjukuu wako Lugano ameota meno mawili, na kazi yake ni kuning'ata.

Baba, kila ukipiga simu huniuliza ufundi umeme unakwendaje, nami nakugeuzia mazungumzo. Leo nitakujibu. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningelia.

Majuzi taa ya chumbani kwa baba mkwe, Mzee Meshaki, ilizimika. Unamjua, asiposoma Biblia siku yake haijaisha. Fundi wa Tukuyu aliahidi kuja kesho, na kesho yake hiyo ikafika siku ya tisa. Mume wangu Jotham akabadilisha balbu, haikuwaka. Ile ya zamani akaileta jikoni, ikawaka vizuri. Akabadilisha swichi, wapi! Akasema labda umeme umekichukia chumba. Nilicheka, ila nilijua tatizo liko juu, kwenye nyaya.

Ningefanyaje? Mila yetu unaijua: mkamwana haingii chumba cha baba mkwe, wala hawatazamani, wala hawasemeshani. Ndiyo maana tangu niolewe mzee hakutaka nifanye ufundi. Alisema mwanamke anayepanda dari za watu, ipo siku atatembea juu ya kichwa cha mkwewe. Nami kazi yangu naipenda, Baba. Nilitii, lakini iliniuma.

Alhamisi mzee alishikwa na homa, akalala mchana kutwa katika chumba chenye giza. Mama mkwe akanifuata jikoni. Alisema amechoka kumsomea Zaburi kwa tochi huku akikaripiwa kila anaporuka neno. Akanikumbusha kwamba mlango wa dari uko koridoni, kwa hiyo nikipita juu sijaingia chumbani kwa mtu.

Nikazima mein swichi, nikapanda. Juu ya chumba chake nikakuta panya wametafuna waya hadi umekatika. Nikakata palipoharibika, nikaunga kipande kipya, nikafunga tepu. Nilifanya polepole, maana chini yangu mzee alikuwa anakohoa. Umeme uliporudishwa, mwanga ukapenya kwenye nyufa za mbao.

Ndipo nikamsikia akimwuliza mkewe, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, huyo aliye juu kajifunzia wapi. Mama mkwe akamjibu kwamba jibu analijua fika yeye mwenyewe. Kisha mzee akamwambia mkewe anifikishie asante yake kubwa, ndaga fijo, na kwamba panya hawajui mila, kwa hiyo lazima awepo wa kuwafuata. Akaongeza kuwa nyumba ya mchungaji kule Lupepo haijafungwa umeme, na yeye mwenyewe atawaambia wazee wa kanisa kwamba fundi yuko nyumbani kwake.

Sasa nisamehe, Baba. Mwaka jana nilikwambia nimefunga umeme nyumba tatu. Nilikudanganya. Sikufunga hata moja. Plaizi na testa ulivyoninunulia vilikaa chini ya kitanda miaka miwili, nawe uliwatajia nyumba hizo wote waliokucheka kwa kumpeleka binti chuo cha ufundi. Nimeona aibu sana.

Jana nimeanza Lupepo. Nyumba ya kwanza, Baba. Zimebaki mbili, nawe utakuwa hujasema uongo.

Mpe Mama shikamoo yake, na shangazi Tulinagwe akiniulizia, mwambie nipo juu ya ngazi.

Binti yako,
Atupokile