Langi Iko Ndani ya Tanki

Alhamisi. Mvua ya asubuhi ilikatika, jua likatoka kali, na mimi nimenawa mikono mara sita lakini bado inanuka siki.

Nina hasira. Niandike hilo kwanza, maana nikianza na huruma nitajidanganya. Nina hasira na wale askari, nina hasira na Meja, na kuliko wote nina hasira na mwanamke huyu aliyeshika kalamu.

Leo wamempiga Ssalongo mbele yangu mpaka akatema meno, kisha wakamtia kwenye buti ya gari. Kosa lilikuwa langu.

Nianze mwanzo. Kiwanda chetu cha rangi kiko hapa Kampala, chini ya Bugolobi, upande wa viwanda. Mwenyewe alikuwa Mhindi. Wahindi walipofukuzwa, kiwanda akapewa Meja mmoja wa jeshi, mtu asiyejua rangi na uji vinatofautiana wapi. Mkemia wetu, Mhindi naye, alikuwa amenifundisha kazi ya maabara kabla hajaondoka na sanduku lake moja, kwa hiyo mimi ndiye mkemia sasa, watake wasitake. Ssalongo ndiye fundi wa tanki. Ni Muganda wa Kawempe, baba wa mapacha kama jina lenyewe linavyosema, na hilo tanki analijua kwa kulisikiliza tu.

Rangi ya maji huanza na kimiminika kikali ambacho hakipatani na maji kabisa. Vikoroge utakavyo, ukiacha vinaachana. Kinachovipatanisha ni sabuni. Chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyachukia. Zikiwa nyingi zinajikusanya vijidonge vijidonge, mikia ndani, vichwa nje. Kile kimiminika, ile kemikali yetu, kinaingia humo, na humo ndimo kinapoanza kuungana, chembe kwa chembe, hadi kinakuwa minyororo mirefu iliyojikunja kuwa vitone. Sabuni ndiyo inayoamua vitone viwe vingapi na kazi iende mbio kiasi gani. Kila kitone kinavaa koti lake la sabuni, hakimgandi mwenzake, na tanki lote linakuwa jeupe kama maziwa. Likikosa sabuni, vitone vinashikana, joto linakosa pa kutokea, unabaki na donge moja la kupasua kwa nyundo.

Basi juzi wanajeshi walikuja wakachukua pipa letu la sabuni. Lote. Mjini sabuni hakuna, watu wanafua kwa majani ya mpapai, na mimi mjinga nilikuwa nimeandika SABUNI kwenye pipa kwa herufi kubwa. Ilikuwa sabuni ya kiwandani, si ya kuogea. Nasikia wamekwisha kuiogea na wameota vipele. Sijui kama nicheke.

Jana Meja akapiga simu: rangi ya kambi iwe tayari Alhamisi, bila visingizio, bila maneno. Ssalongo alisema tumwambie ukweli kwamba sabuni wameichukua watu wake mwenyewe. Mimi nikaona aibu. Nilitaka Meja aone kwamba hata bila Mhindi yule, binti wa kota za polisi anaweza kupika rangi.

Nikaagiza sabuni ya mche, ya magendo, kutoka Kawempe. Nikaiparuza kama karoti nikaitia.

Nilijua. Sabuni ya kufulia haivumilii asidi, na ile kemikali ikiiva inazaa asidi ya siki yenyewe kwa yenyewe. Asidi ikiigusa sabuni hiyo, kichwa kinaacha kupenda maji, na yote inaelea juu kama mafuta ya mchuzi. Nilijiambia nikitia magadi kidogo itatulia. Ssalongo alinusa, akaniita bibi kwa Kiganda chao, akasema, "Nnyabo, hii ya kufulia itatuaibisha." Nikamjibu akoroge, kemia aniachie mimi. Nikacheka, tena kwa sauti.

Leo saa nne asubuhi mtambo ukaanza kuguna. Saa nne na nusu mkono wa kukorogea ukasimama. Harufu ya siki ilijaa ukumbi mzima, na ndani ya tanki kulikuwa na donge jeupe lililozama katika maji machafu. Ssalongo alichukua nondo akajaribu kulivunja kupitia mlango wa juu. Hakunilaumu hata kwa jicho.

Hajamaliza hata kuichomoa nondo, lori la jeshi likaingia. Koplo mmoja na askari watatu, na gari dogo nyuma yao. Wamekuja kuchukua rangi.

Hapa lazima nieleze kitu. Ssalongo, kama Waganda wengi, anachanganya l na r. Rangi kwake ni langi. Nimemtania kwa hilo tangu nianze kazi. Lakini Langi ni watu pia, kabila la kaskazini alikotoka rais aliyepinduliwa, na tangu mapinduzi jeshi linawawinda. Kumficha mmoja wao ni kifo.

Koplo akauliza mali ya Meja iko wapi. Ssalongo akavua kofia akajibu kwa adabu zake zote.

"Langi iko ndani ya tanki, afande. Imekataa kutoka."

Mungu wangu.

Kiswahili cha kambini hakitenganishi mtu na kitu. Mtu imekuja, gari imekuja, yote sawa. Hakuna neno hata moja katika sentensi ile ambalo lingemwambia Koplo kwamba inayosemwa ni rangi ya ukutani. Nikaona macho yake yanabadilika. Akaikoki bunduki.

"Iko ngapi ndani?"

"Moja tu, afande. Kubwa. Tunaipiga na nondo tangu asubuhi."

Mimi nilielewa palepale. Nimezaliwa kota za polisi, Kiswahili hicho nimekinyonya. Wazee wangu ni watu wa Arua, Koplo mwenyewe alikuwa na lafudhi ya kwetu, angenisikiliza. Neno moja tu: ni rangi, afande, ya kupaka. Lakini nililiona swali lake la pili likija. Kama ni rangi, mbona imeharibika? Nani ameiharibu mali ya Meja? Siku hizi hilo wanaliita hujuma, na mtu wa hujuma harudi kwao.

Nikanyamaza.

Walipiga tanki risasi, sijui sita, sijui kumi. Mvuke wa ile kemikali unashika moto upesi, nikafumba macho nikisubiri tuungue wote, na nakiri sehemu yangu moja ilitaka iwe hivyo ili yaishe. Haukushika. Maji ya siki yakabubujika kwenye matundu, halafu vipande vyeupe, vilaini, vya moto. Askari mmoja akakishika kimoja, akapiga ukelele akakitupa. Alidhani ni ubongo.

Koplo akapanda ngazi akachungulia. Akakaa pale juu muda mrefu. Nafikiri alikwisha kujua. Nafikiri alijua kabisa kwamba mle hamna mtu na hamjapata kuwa na mtu. Lakini amekwisha kulitoboa tanki la Meja, na mtu aliyelitoboa tanki la Meja lazima ashuke ngazi na mkosaji mkononi.

"Imetoroka," akasema. "Nani imetorosha yeye?"

Wakaanza na kitako cha bunduki. Kwanza mgongoni, kisha goti, nikasikia goti likivunjika kwa sauti ile ile ya ukuni mkavu. Kisha mdomoni. Ssalongo alikuwa anasema langi, langi, langi, akidhani wamekosa kumwelewa, akionyesha vile vipande sakafuni, na kila akisema wanazidisha. Damu yake ilichanganyika na ile rangi ikawa ya waridi. Nitakufa na rangi ile machoni.

Alinitazama mara moja. Angeweza kuninyoshea kidole: huyu hapa, sabuni ni yake. Hakunyosha.

Wakamkunja kama nguo wakamsukumiza kwenye buti. Mguu wenye goti bovu haukuingia, wakaufungia mlango mara mbili mpaka ukaingia.

Nilitembea mpaka nyumbani Bukoto. Sikulia njiani. Baba, sajini wa polisi, alikuwa anakula. Nikamwambia kila kitu, pamoja na magadi. Hakunipiga wala hakunigombeza. Alivaa sare akatoka, akarudi jioni hii kabla ya jua kutua, uso umesawijika.

Ssalongo yu hai. Wanamtaka ataje jina la Mlangi aliyekuwa kwenye tanki, na yeye hana jina la kuwapa, kwa sababu mtu huyo hakuwapo. Baba anasema hadi kesho mchana atataja jina lolote, kila mtu hutaja, na mwenye jina hilo naye atafuatwa nyumbani kwake. Nikasema basi niende mimi nikawaeleze. Ni mtu mmoja tu Kampala nzima anayeweza kusema tanki liligandaje.

Baba akasema, bila kunitazama, "Ukienda, usiseme wewe ni mwanangu. Wadogo zako bado wako hapa."

Niliumia, lakini sikumchukia. Ana watoto watano ndani ya nyumba hii, na leo mchana mimi pia nilimtoa mtu kafara ili nijiokoe.

Nitaenda kesho asubuhi mapema, kabla Ssalongo hajachoka. Nimeandika maelezo kwenye karatasi, sabuni, asidi, donge, kwa Kiswahili chao, kisiwe na neno la kukosewa. Chini nilianza kutia sahihi, jina langu na la baba. Jina la baba nimelikata.