Marahaba ya Mama

Katesh, Jumapili jioni

Dada Samira mpendwa,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na kabla karatasi hii haijaisha nitakuwa nimekuambia. Natanguliza hilo mapema, maana nikichelewa nitaogopa. Haya, hujambo? Shemeji Tawakali na mtoto ni wazima? Baridi ya Mbulu imepungua? Huku tuko salama, ila Baba anakohoa kwa ajili ya vumbi. Dukani anakwenda hivyo hivyo.

Diski uliyotuma ilifika. Ulitaka nikopi kompyuta yote ya nyumbani, hasa picha na video za Mama, kabla Baba hajaifuta na kumuuzia yule kaka wa stesheneri. Nikaanza kujaribu programu za bure. Dada, nimechoka. Ya kwanza ilikopi kutwa nzima, ikaandika kwa Kiingereza kwamba imekamilika. Kurejesha sasa, ikasema haioni kitu. Ya pili ilikuwa bure kuingiza tu, kutoa ikataka ilipwe. Muksini wa jirani alicheka mpaka akakaa chini, akasema ni kama choo cha stendi, ila hiki unalipa wakati wa kutoka. Tangu hapo ananiita Injinia wa Bure.

Baba akirudi msikitini huuliza kama nimemaliza. Najibu bado, napima nyingine. Husema haya mwanangu, akapita haraka. Tangu maporomoko ya tope yamchukue Mama kule Jorodom, hataki sauti yake isikike humu ndani. Alishasema video ziende kwako na mashine iondoke.

Sasa jambo lenyewe. Programu ya tatu ilikubali. Ilikubali tangu kabla ya Ramadhani, Dada, na nakala yako iko tayari.

Ila programu haipimwi kwa kukopi tu. Unarejesha nakala, halafu unafungua faili moja uone kama linacheza. Mimi hufungua lile la Idi. Mama anapepeta mchele, wewe unaingia na begi, unasema shikamoo Mama, naye bila kuinua macho anaitikia: marahaba mwanangu, mbona umekonda, njoo ule. Navaa hedifoni. Kabla sauti yako haijafika, natangulia mimi, polepole: shikamoo Mama. Ili marahaba iwe yangu. Nisamehe, najua ile ni yako.

Ndiyo maana kila siku napakua programu nyingine. Nikisema nimemaliza, mashine inaondoka, na mimi simu sina. Tafadhali mwombe Baba aiache. Wewe anakusikiliza. Mimi mbele yake siwezi kulisema hilo, unanijua.

Nasikia kandambili zake kwenye korido. Siku zote mimi hufunga faili haraka. Hata sasa mkono ulishaanza kwenda. Nimeurudisha. Nimechomoa waya wa hedifoni, na ungo wa Mama kwenye video unasikika chumba kizima.

Kandambili zimesimama mlangoni. Umeshasema shikamoo yako, Mama ameshaitikia, na Baba hajaondoka.

Msalimie Shemeji, mbusu mtoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Raya