Picha Mbili za Kifua

Wifi yangu Minza,

Nimefika Segese salama na pacha wa kaka yako, Kulwa na Doto, hawajambo. Salamu nyingine utaniwia radhi, maana tangu nitoke huko India kichwa changu hakijatulia hata kidogo. Barua hii siifungi kwenye bahasha. Nimeipiga picha nikutumie kwenye simu, na ile ya karatasi nimempa Baba Mkubwa isomwe mbele ya ukoo mzima. Mambo niliyoyakuta kwako ni yetu sote, na mengine humu ndani ni aibu yangu, ambayo nataka niiseme mwenyewe kabla watu hawajanisemea.

Wewe unanijua. Sijui kukaa na neno. Hata siku ile ya kwanza tulipokutana kwenye kwaya ya parokia, nilikuambia mbele ya watu kwamba umevaa viatu vilivyopishana, na ukacheka mpaka ukakaa chini. Tukawa marafiki kabla kaka yako Masunga hajajua kama nipo duniani. Halafu ukaanza kumtuma Masunga nyumbani kwetu alete vitu ambavyo sikuviomba: leo ungo, kesho kitabu cha nyimbo, keshokutwa amekuja kuuchukua ungo. Uliniozesha wewe, wifi, usije ukakana.

Unakumbuka tulivyofurahi Masunga alipopata kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu? Tuliona tumeula. Alikuwa analisha mawe makavu kutwa nzima na kurudi jioni mweupe kuanzia nywele hadi kope, na mimi nikampachika jina la Mwenye Mashine ya Unga. Wewe ukishika shati upande huu na mimi upande ule, tunalikung'uta mlangoni, vumbi linapaa, tunapiga chafya na kucheka. Shangazi Holo alikuwa akitufokea kwamba tunamchafulia maziwa. Miaka yote hiyo niliikumbuka kama miaka ya raha.

Kikohozi kilipoanza tulimpeleka hospitali, tena wewe uliyesomea uuguzi ndiye uliyemsindikiza kila mara na kutunza makaratasi yake. Akameza dawa za kifua kikuu mpaka akamaliza, akaanzishiwa tena, akamaliza tena. Makohozi yakipimwa hayana kitu. Daktari mmoja alimwambia aache kazi ya vumbi. Tuliporudi nyumbani tulilicheka lile neno, Mungu atusamehe. Mimi ndiye niliyesema, "Vumbi lipi? Shinyanga yote ni vumbi, mbona hatujafa?" Wote wakaniunga mkono, na kesho yake Masunga akarudi kazini.

Alipofika mahali pa kulala amekaa, ameegemea mto aliouweka magotini, ukoo ukasema hospitali imeshindwa. Nikabeba kifaranga mimi mwenyewe kwenda kwa mfumu, mganga wetu wa kuagua, nikakitemea mate mdomoni kama inavyotakiwa, akakipasua na kusoma mbawa na mifupa yake. Hakutaja jina. Alisema ni mwanamke wa upande wa baba, anaingia ndani asubuhi, anakuja na chakula mkononi. Nani mwingine aliyekuwa anakuja asubuhi na kibuyu cha maziwa? Kwenye kikao cha ukoo, Baba Mkubwa aliuliza kama kuna mtu anayemfahamu mwanamke huyo. Nikasimama na kusema, "Ni Shangazi Holo."

Shangazi aliyewalea wewe na Masunga tangu mama yenu alipofariki. Wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu, bega kwa bega, na hukufungua mdomo.

Sina haja ya kukuhadithia yaliyofuata, ulikuwepo. Tulimtenga. Hakuna kumsalimia, hakuna kuchota naye maji, hakuna kumpa moto. Masunga alipofariki vijana wakaenda kuezua nyumba yake, na akaondoka Segese juu ya bodaboda amepakata sufuria. Akapokewa Songwa na binti wa dada yake. Miezi michache baadaye na wewe ukaondoka, masista wamekupatia nafasi ya kujitolea India kuhudumia wagonjwa. Tukasema msiba umekuzidi. Tulikuonea huruma sana, wifi.

Ndiyo maana nilipouza mpunga wangu na kupanda ndege, Baba Mkubwa alinituma neno moja tu: nikurudishe nyumbani, miaka karibu mitatu inatosha. Nilikuja na michembe ya kukulainisha moyo. Yule ofisa wa uwanja wa ndege aliinusa, akaivunja, akamwita mwenzake aje aione, mpaka nikatafuna kipande mbele yao waone kwamba ni viazi vilivyokaushwa. Ulipokiona kile kifuko ulilia. Nilijua nimeshakupata.

Siku mbili za kwanza zilikuwa tamu. Nilishangaa ulivyokuwa unaongea lugha yao kama umezaliwa nayo, wanawake wenye mitandio myekundu wanakuita dada kwa lugha yao, na wewe unagombana nao kuhusu bei ya vitunguu. Nilishangaa joto na vumbi la nje ya Jodhpur, nikakuambia umesafiri safari ndefu bure, hapa ni Shinyanga tu iliyoongezewa pilipili. Ulicheka, lakini ulicheka kidogo. Nilidhani umechoka.

Siku ya tatu ukanipeleka kazini kwako. Uliniambia ni nyumba ya wagonjwa wa machimbo ya mawe, nikadhani nitakuta waliovunjika miguu. Minza, mpaka leo nikifumba macho naona ule ukumbi. Wanaume, wengi wao vijana kuliko mimi, wamekaa kwenye vitanda vya kamba, hakuna hata mmoja aliyelala. Wameinama mbele, viwiko magotini, mito mapajani. Mabega yanapanda na kushuka. Kisha mmoja akakohoa.

Kile kilikuwa kikohozi cha mume wangu. Sisemi kinafanana, nasema ndicho, kile kikavu kisichotoa kitu, na mwishoni kile kipumzi kidogo kama mtu anayeomba radhi. Nilikisikia usiku na mchana kwa muda wa kutosha kukijua. Niligeuka kukutazama ili uniambie kwamba na wewe umeshtuka. Hukushtuka. Ulikuwa unanitazama mimi, na hapo nikaelewa kwamba ulinileta makusudi.

Ukanipeleka ofisini, ukatoa picha mbili za kifua na kuzibandika kwenye kioo chenye taa. Zote mbili zilikuwa na madoa meupe yaliyotapakaa kila upande, kama chenga za mchele kwenye ungo mweusi. Ukaniambia moja ni ya fundi mawe wa pale kijijini, aliyefariki mwezi uliopita. Nyingine ni ya Masunga, uliisafirisha chini ya nguo zako. Nilitazama hii, nikatazama ile. Mimi niliyezaa naye, niliyemuogesha, nilishindwa kujua ipi ni ya mume wangu.

Daktari wa pale akanieleza polepole, na wewe unatafsiri. Jiwe likisagwa kavu linatoa vumbi jembamba sana. Linaingia kwenye mapafu na halitoki, linaacha makovu, na makovu yanaendelea hata mtu akiacha kazi. Wengi wanapewa dawa za kifua kikuu ambacho hawana. Nilitaka kumwambia anyamaze. Nilikuwa nawaona watu wa karasha yetu mmoja mmoja: Baba Shija, yule Mha aliyekuwa akipokezana na Masunga, na wengine waliorudishwa kwao wakiwa mifupa. Kila nyumba ilikohoa, na kila nyumba ilimtafuta bibi yake kizee wa kumfukuza. Nikakumbuka na lile shati mlangoni, na kicheko chetu.

Nikakuuliza umejua tangu lini. Ukasema tangu mwezi wa kwanza ulipofika.

Nakuomba radhi kwa maneno niliyokutolea pale ofisini, maana daktari hakuyaelewa lakini aliona yanavyotoka. Radhi ni kwa maneno tu. Hasira ninayo bado. Miaka hii yote umekaa na picha ile, unawapanguza jasho watu usiowajua, na aliyekubeba mgongoni anakula kwa watu huku akiitwa mchawi. Ulinijibu kwa sauti ndogo sana, "Ningewaambiaje kwamba tulimfukuza bure, wakati na mimi nilikaa kimya?" Kweli wewe ulikaa kimya, lakini aliyesimama na kutaja jina ni mimi. Tukakaa sakafuni tukalia, na hata kulia kwenyewe hatukuelewa tunamlilia nani kwanza.

Sikukuomba tena urudi. Nilikuomba ile picha tu, nawe ukanifungia kwenye kanga.

Nilipofika Kahama sikuja nyumbani. Nilipitiliza mpaka Songwa. Nilimkuta Shangazi nje, anapepeta choroko, amekonda, jicho moja limeingia ukungu. Nikapiga magoti palepale kwenye choroko. Nilimwamkia, hakuitikia, wala sikumlaumu. Nikamweleza yote jinsi nilivyoelezwa, nikainua picha kwenye mwanga wa jua aone zile chenga, nikamwambia ni mawe yaliyomuua Masunga, na mimi ndiye niliyempa yeye mzigo huo. Aliitazama muda mrefu kwa lile jicho zima, akapitisha kidole juu ya mbavu za mtoto aliyemlea.

"Gashi," akasema, ile kumbe yetu ya Kisukuma. "Gashi ni mawe."

Hakulia, na hakunitukana. Laiti angenitukana. Aliniuliza tu kama Masunga alikufa akiamini ni yeye. Nilitaka kumdanganya, wifi, ulimi ulikuwa tayari. Nikamwambia ndiyo, aliamini. Akarudia kupepeta, akapepeta kidogo, akaacha.

Nikamwambia nimekuja kumchukua. Kwamba nitamjengea nyumba kwenye kiwanja changu mwenyewe, nitasimama kwenye kikao kilekile nilisafishe jina lake mbele ya wote, na asiyetaka kumsalimia hatavuka mlango wangu. Aliniacha nikaongea mpaka nikaishiwa. Kisha akauliza nani aliyenipa picha. Nikakutaja. Akauliza wewe ulijua tangu lini.

Unajua mimi siwezi kukaa na neno. Nilimwambia.

Hapo ndipo alipouweka ungo chini, Minza, sio kabla. Hata nilipotaja kifaranga hakuuweka, hata nilipotaja Masunga.

"Wewe ni mke wa watu, uliambiwa ukaamini," akasema. "Minza ni ng'wanone, mtoto wangu. Alijua, akanyamaza. Rudi Segese, mama. Mimi nitatoka hapa siku atakayokuja kunichukua yeye."

Nilimbembeleza mpaka jua likazama. Binti wa dada yake akambembeleza. Hakugeuza neno. Nimerudi peke yangu, na kesho nasimama kwenye kikao kulisafisha jina lake, na kuwaambia wenye karasha wamwagie mawe maji kabla ya kusaga kama ulivyonionyesha. Hayo nayaweza. Hili lingine siliwezi. Najua wale wagonjwa wako wanakuhitaji, niliwaona wanavyogeuza shingo ukipita. Lakini wifi, Shangazi ana jicho moja tu linaloona, na lenyewe limeshaanza kupata ukungu pembeni. Njoo lingali linaweza kukuona.

Mimi rafiki yako, na wifi yako,
Mama Kulwa