Kuhusu Ile Pikipiki Yako, Baba

Umoja, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Baba mpendwa,

Nakuamkia wewe na Mama, na wote walio hapo nyumbani. Goti linaendeleaje na baridi ya asubuhi? Mama alimtuma utingo wa basi aniambie kwamba umeitupa ile fimbo, eti fimbo ni ya wazee. Sijui nicheke au nikugombeze. Itumie, Baba. Sisi huku ni wazima. Mjukuu wako Lusike ameng'oka meno mawili ya mbele na amesema lazima nyanya yake aarifiwe. Kazi yangu ya kushona viti vya magari kule Kariobangi bado ipo, na nyumba hii ya chini tuliyohamia ina ua wake, kwa hivyo hatugombani tena na mtu kuhusu kamba ya kuanikia nguo.

Nina jambo la kukuambia na jambo la kukuomba. Nimeona nianze na la kukuambia, maana ukilisikia ombi kwanza utadhani nilitaka kukuficha.

Ni kuhusu ile pikipiki. Tulipoichukua Desemba ilikuwa nyuma ya magunia, kuku ameatamia chini ya injini, nawe ukatuambia tungoje vifaranga vitoke kwanza. Kisha ukalipangusa tangi kwa mkono wa shati ukasema, "Mkiifufua, iwasaidie. Mkishindwa, msiwape watu wa vyuma vikuukuu." Tuliipandisha juu ya basi, na Baba Lusike alishuka kila kituo kuangalia kamba, hadi dereva akamwuliza kama amembeba bibi harusi huko juu.

Jambo ambalo hukulijua siku zile, kwa sababu hatukutaka kukuharibia Krismasi, ni kwamba kile kiwanda cha nguo Baba Lusike alikokuwa fundi wa mitambo kilikuwa kimeshafungwa. Mitumba imejaa kila mahali, nani atanunua kitambaa kipya? Walirudishwa nyumbani wote siku moja. Miezi ya kwanza alitoka kila asubuhi na shati lililopigwa pasi, akaenda kusimama kwenye malango ya viwanda pamoja na mamia ya wenzake. Baadaye akaacha kutoka. Wewe unamjua mkwe wako, si mtu wa maneno mengi, lakini hata yale machache yaliisha. Nikirudi jioni nilimkuta pale pale nilipomwacha asubuhi, na chai niliyomwekea imefanya utando. Niliogopa, Baba. Sikumwambia mtu.

Pikipiki ilikaa uani chini ya nailoni. Halafu siku moja akarudi na gazeti kuukuu la Kiingereza alilolipata kwa mtu anayetandaza magazeti ya zamani kando ya barabara. Lilikuwa la pikipiki. Katikati palikuwa na picha ya moja iliyonyolewa kila kitu: usukani uko chini, mwendeshaji anainama kama anayenywa maji mtoni, tangi refu, kiti chembamba chenye nundu nyuma. Akanieleza kwamba Wazungu wanaziita pikipiki za mkahawani, kwa sababu zamani vijana wa kwao walikuwa wakizishindanisha kutoka mkahawa mmoja hadi mwingine.

"Walikuwa wanakimbilia chai?" nikamwuliza.

Akacheka. Nilikuwa nimesahau sauti yake akicheka.

Kesho yake aliamka alfajiri, akavaa ovaroli yake ya kiwandani, akaenda kazini. Kazini ni uani, hatua nne kutoka mlangoni. Aliifungua pikipiki yote, skrubu kwa skrubu, akavipanga vyuma juu ya gunia na kuviosha kwa mafuta ya taa kimoja kimoja. Injini ilikuwa imeshikana kabisa. Alitia mafuta mahali pa plagi akangoja siku nne, kila siku anaipiga kiki kwa upole, hadi ya tano ikakubali kuzunguka. Alipata ringi za pistoni kwa wauza spea wa mtaani. Kabureta aliitengeneza mwenyewe kwa waya mwembamba na pumzi zake.

Mtaa mzima ulijua. Jirani yetu Mama Akinyi, anayeuza samaki, alikuwa akichungulia juu ya ukuta: "Mama Lusike, huyu mzee wako anachinja nini huko?" Na wale vijana wa hapa kwetu wakipita langoni, "Niaje, buda! Hiyo mnyama inatoka lini?" Anawajibu, "Ikitaka."

Mimi nilifurahi. Nataka ujue hilo kabla sijaendelea.

Jumatano moja nikarudi nikakuta ile keria ya nyuma imeegemezwa ukutani. Ile uliyokuwa ukifungia sanduku la barafu lenye chanjo za ng'ombe ulipokuwa bwana mifugo, kabla serikali haijakuuzia pikipiki yenyewe. Nilidhani ameifungua aioshe. Nikainama, nikaona miguu yake minne inang'aa pale msumeno ulipopita.

"Umeikata?"

"Ilikuwa imeliwa na kutu pale inapoungana."

"Nimekuuliza kama umeikata."

"Nimeikata."

"Ulimwuliza Baba?"

Akawa anafuta mikono kwa kitambaa, anaifuta tu, na haikuwa na kitu. "Mama Lusike, kwenye picha hakuna keria."

"Hiyo picha haikunibeba kwenda zahanati," nikamwambia.

Sijui kama wewe unakumbuka. Nilikuwa darasa la nne, nina malaria, mto umefurika na gari hakuna. Ulinikalisha juu ya keria, Mama akanifunga kwako kwa leso, nikaegemeza shavu mgongoni mwako njia nzima. Nilikuwa nikiusikia moyo wako na injini pamoja, na sikujua kipi ni kipi. Baba Lusike hakuyajua hayo. Sikuwahi kumsimulia. Lakini siku ile niliona kama alipaswa kuyajua bila kuambiwa, na nikamnunia juma zima. Nilipika, nikaandaa, nikalala. Alijaribu kunieleza mara mbili, mara zote nikaondoka na kumwacha akizungumza na sufuria.

Kilichonirudisha, Baba, si huruma. Ni mshono. Jumamosi iliyofuata nilimkuta amekata sponji, ameifunika kwa kipande cha ngozi bandia, anashona kiti cha pikipiki kwa sindano ya gunia. Vidole vinatoka damu, na uzi umekwenda upogo kama njia ya mlevi. Mimi ninashona viti vya magari miaka sita! Nilimpokonya nikaufumua wote papo hapo. Halafu nikapima lile bati alilokunja la kukalia, nikaona lilivyo fupi.

"Hapa anakaa nani?"

"Mwendeshaji."

"Na mimi?"

Akaangalia picha. Akaniangalia mimi. "Ni za mtu mmoja," akasema polepole.

"Basi pima tena. Hii ya kwetu ni ya watu wawili."

Akapima tena. Alisogeza ile nundu nyuma kwa shubiri moja na vidole vitatu, akachomelea upya, na sasa haifanani na ile ya gazetini. Kiti nilikishona kwenye mashine ya kazini saa ya chakula, kwa ruhusa ya mwenye duka, ngozi nyeusi na uzi mwekundu, mistari saba iliyonyooka. Nilipokirudisha alikishika muda mrefu. Kisha akaniambia, "Nilikosa. Si kwa sababu ya kutu. Nilikosa kwa kutouliza." Nami nikamsimulia habari ya malaria na leso, na tukakaa uani tukiongea hadi Lusike akatoka kuuliza kama leo hakuliwi.

Ilinguruma Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliopita. Kiki kumi na moja hakuna kitu, ya kumi na mbili ikapiga kikohozi, ya kumi na tatu ikashika. Mama Akinyi aliacha samaki wake akaja kupiga vigelegele. Imepakwa rangi nyekundu, Baba. Madigadi ya mbele imefupishwa, usukani umeshuka, taa ni ile ile ya zamani. Baba Lusike akasema ataijaribu hadi barabara kuu na kurudi, dakika kumi.

Saa moja ikapita, kisha saa mbili. Nilipanga vyombo, nikavipangua. Halafu mmoja wa wale vijana akaja mbio: "Mathe, mzee ameshikwa na makarao. Wanasema nduthi ni ya wizi." Makarao ndio polisi, Baba, na nduthi ni pikipiki.

Nilichukua kitabu cha usajili na kitambulisho changu nikaenda kituoni, bado nina kanga kiunoni. Nilimkuta mkwe wako ameketi kwenye benchi, mikono imejaa grisi, ameinamisha kichwa. Aliponiona alisema jambo moja tu: "Baba asije akasikia kwamba mimi ni mwizi." Hakusema "nitoe hapa", wala "nina kiu". Hilo tu.

Afande wa zamu alikuwa mtu mzima, mwenye miwani. Hakuwa na makeke. Alifungua kitabu akasoma kwa sauti: "Rangi nyeupe. Mwenyewe ni Wanyonyi. Huyu hapa si Wanyonyi, na hiyo hapo nje si nyeupe."

Nikamwekea kitambulisho mezani. "Nekesa Wanyonyi. Huyo ni baba yangu. Alitupa sisi."

Akatoka nje nami nikamfuata. Alichuchumaa, akasugua rangi kwa ukucha kwenye fremu hadi namba zikajitokeza, akazilinganisha na kitabu moja baada ya nyingine. Za injini pia. Zote zikawiana. Akaizunguka mara mbili, akaugusa mshono wangu.

"Namba ni zenyewe," akasema. "Lakini pikipiki ya serikali ninaijua, nimeziendesha. Huku nyuma huwa kuna keria. Nani ameikata?"

Mkwe wako alikuwa amesimama mlangoni na askari mwingine. Alifungua mdomo ajibu, nami nikamtangulia.

"Sisi, afande."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Keria ile niliililia mimi. Lakini neno lilitoka lenyewe, na nilipolisikia nikajua ni kweli.

Alituachilia na pikipiki yetu, akatupa majuma mawili tulete barua ya mwenye kitabu: kwamba uliitoa kwa hiari yako, na kwamba unajua imebadilishwa umbo na rangi. Hilo ndilo ombi langu. Uandike, utie sahihi, chifu agonge mhuri, na umpe utingo yule yule.

Tangu siku ile wamekuja watu wawili na pikipiki zao kuukuu wakitaka zifanyiwe kama yetu. Mmoja ameshaiacha uani. Baba Lusike ameandika kwa chaki kwenye lango kwamba hapa pana fundi, na asubuhi anakunywa chai yake ikiwa moto. Keria hatukuitupa. Anasema ukitaka ataichomelea irudi ilipokuwa, na ninaamini atafanya hivyo bila kinyongo. Mimi ukiniuliza, nitasema iache. Nimeshakaa kwenye kile kiti, Baba, tulizunguka mtaa mzima, na Mama Akinyi akatupigia makofi kama tunaotoka kanisani siku ya harusi.

Picha imo kwenye ile bahasha ndogo niliyoifunga kwa gundi, uifungue ukimaliza kusoma. Najua umeshaifungua.

Nisalimie Mama, na umwambie nimepata uzi wa kijani aliouagiza. Nisalimie Shangazi, dada yako, na mchungaji anayekusomea barua miwani yako ikipotea. Kama ni yeye anayesoma sasa, basi nakuamkia, Mchungaji, na usiruke sehemu ya polisi. Nisalimie mdogo wangu wa mwisho, asome, pikipiki zipo hazikimbii. Mkwe wako anakusalimu kwa heshima. Nimemwambia akae wakati naandika, amekataa, amesimama karibu na mlango kama vile uko humu ndani.

Jambo la mwisho. Afande anataka uandike kwamba unajua na umekubali. Kama umeumia, usiandike kwamba umekubali. Tuandikie sisi kwanza, utugombeze vizuri, mimi na yeye kwa pamoja, na ya polisi ije baadaye au isije. Pikipiki inaweza kukaa chini ya nailoni. Wewe sitaki ukae kimya.

Ni mimi binti yako,
Nekesa