Namba Nilizokutajia Njiani Kwenda Kabambare

Yaya Ramazani, kaka yangu,

Nakuandikia kutoka Kasongo, nimekaa kwenye kibaraza cha mama, na barua hii sitaifunga. Nitampa shofere anayeshuka Kalemie akuletee, lakini kabla hajaondoka ataisoma kwa sauti kwenye kiwanja cha patroni, yule tajiri uliyemwendeshea magari, mashofere wote wakiwepo. Usishangae ikikufikia imechoka, na alama za vidole vya watu. Wewe ulitukanwa mchana, mbele ya watu. Mimi nikikiri chumbani, nitakuwa nimekuibia mara ya pili.

Nianze na godoro, maana bila godoro hutaelewa, ingawa kuelewa hakunipunguzii kitu. Unakumbuka ulivyokuja kunichukua Kabambare, mume wangu aliponifukuza? Mama yake alisimama mlangoni anakagua sufuria zangu moja moja, nisije nikabeba ya kwao. Ulifika na pikipiki ya kuazima, hukuniuliza lolote, ukafunga godoro langu nyuma kwa mpira na kuniambia nipande. Nilikusihi tupite njia nyingine. Ukasema njia ni hiyo hiyo moja. Na ilikuwa siku ya soko. Tulipita katikati ya watu polepole, mimi nimekumbatia godoro, na wanawake niliokuwa nauza nao mchele waliacha kupima wakanitazama. Tulipofika porini ulisimamisha pikipiki, ukanipa maji, ukasema, "Lia sasa, hapa hakuna mutu." Nililia mpaka nikachoka, na wewe ukajifanya unatengeneza mnyororo ambao haukuwa na shida yoyote.

Miaka miwili baadaye patroni wako alinunua ile karavani. Watu waliokuja kutengeneza barabara walikuwa wameiacha Kasongo: kanyumba keupe ka magurudumu, kana dirisha na pazia lake. Patroni alitaka iwe famasi Kabambare. Mashofere wenzako walicheka mpaka wakashika matumbo. Nani atavuta nyumba kwa gari, jipu ya otomatike, kwenye njia ile, wakati hata pikipiki zinalala humo? Wewe ulisema inawezekana, kiangazi, mradi bwate, lile sanduku la gia, isiachwe ichemke. Patroni akakuahidi kwamba ukiifikisha salama, magari yake yote yatakuwa chini ya mkono wako.

Ulinifundisha kama mtu anayefundisha mtu mwenye akili, na hiyo sikuwa nimeizoea. Ulisema bwate ya otomatike inabadilisha vitesi yenyewe, kwa nguvu ya mafuta yake, na ikivuta mzigo mzito mlimani mafuta hayo yanapata moto, yakizidi yanaungua, na yakiungua bwate imekufa. Taa ya dashibodi uliidharau. Ulisema taa ile ni kama jirani anayekuja kukuambia nyumba yako inaungua wakati paa limeshaanguka. Ndiyo maana ulichomeka kale kadude chini ya usukani, kakawa kanatuma moto wa bwate kwenye telefone, degre kwa degre. Chini ya mia, tunatembea. Mia na kumi, niseme bila kuulizwa. Mia na ishirini, tunasimama, hata kama ni kilomita moja tangu tusimame mara ya mwisho.

Wewe usingeweza kutazama telefone. Njia ile ilitaka macho yako yote mawili, na mengine ungeyaazima kama yangekuwepo. Ukanipa mimi. Patroni alipouliza kwa nini unambeba dada yako, ulimjibu kwamba mimi nimesoma na sisinzii. Nilisimama pale nimejaa majivuno.

Sasa sikiliza kilichokuwa kichwani mwangu, maana sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa nimesuka nywele siku mbili. Nilikuwa na kikwembe kipya ndani ya mfuko wa plastiki, nikitaka kukivaa tukikaribia. Nilijua kwamba siku ile ni ya soko Kabambare, na nilijua mama wa yule mwanaume aliyenifukuza anakaa sehemu gani na samaki wake wa kukaushwa. Nilitaka nipite palepale watu waliponiona na godoro langu, nimekaa mbele ya jipu, nyuma yangu nyumba nyeupe yenye pazia. Ndivyo hivyo, yaya. Kitu kidogo namna hiyo.

Asubuhi tulisimama mara tatu. Kila mara ulitoa gia, ukaiacha motere inanguruma ili mafuta yazunguke yapoe, ukafungua boneti, ukakaa kwenye jiwe na kutafuna karanga zako. Ulikuwa na raha. Ulinionyesha vipimo vya daraja ulivyoandika kwenye kiganja, ukanicheka kwa kuogopa vumbi kwenye nywele. Mimi nilikuwa natazama jua. Pikipiki za watu waliotoka Wamaza zilitupita zimebeba kuku na madumu, na nilihesabu kila moja kwamba hiyo itafika sokoni kabla yangu.

Mara ya nne namba ilifika mia na ishirini na moja. Ukauliza, "Ngapi?" Nikakujibu mia na kumi na mbili. Uongo ulinitoka laini, mpaka mimi mwenyewe nikageuka kutazama nje. Ukasema vizuri, inavumilia, ukaendelea. Hakuna kilichotokea, na hapo ndipo nilipoharibika kabisa. Nilijiambia mafundi wanapenda kuogopa, nilijiambia gari ni chuma.

Kisha ule mlima. Ulipunguza, ukaweka gia ya chini, karavani ikatuvuta nyuma kwa uzito wake wote. Namba ilikuwa inapanda nikiitazama, na badala ya kusema niligeuza telefone mapajani.

"Ngapi?"

"Makumi kenda na munane."

"Mbona nasikia harufu?"

"Wanachoma majani, yaya. Ni kiangazi."

Na kweli kulikuwa na moshi wa mashamba ng'ambo ya bonde. Ulitazama ule moshi ukaniamini. Katika yote, hilo ndilo linaloniuma zaidi: uliniamini kuliko pua yako mwenyewe, wewe uliyeweza kujua mafuta ya gari kwa kuyanusa ukiwa mlangoni.

Unajua kilichofuata. Motere ilipiga kelele na magurudumu hayakusogea. Tulianza kurudi nyuma. Ulivuta freni ya mkono, ukaniambia niruke nitie mawe chini ya magurudumu, nikatia mawe, karavani imekaa upande kidogo ikitaka kwenda bondeni. Ilisimama. Uliingia chini ya jipu, na mafuta yaliyokuwa mekundu asubuhi yalikudondokea mkononi meusi.

Telefone ilikuwa kwenye kiti changu. Uliichukua. Mimi nilikuwa nimesahau, au sikuwahi kujua, kwamba pembeni ya namba ya sasa inaweka namba kubwa kuliko zote za siku ile. Mia moja na arobaini na mbili. Uliitazama, kisha ukanitazama mimi. Nilisubiri unitukane. Nilisubiri hata kofi, na lingekuwa halali yako.

Uliniuliza, "Umejiumiza mukono na yale mawe?"

Ukazima telefone ukanirudishia. Ukasimamisha pikipiki iliyokuwa inapita, ukamsihi kijana aliyeiendesha anibebe vizuri mpaka Kabambare, ukabaki kulinda mali ya watu. Nilifika na vumbi mpaka ndani ya masikio. Soko lilikuwa limekwisha, wanawake wanafagia. Yule mama hakuwepo. Niliambiwa alikuwa mgonjwa wiki nzima. Nilicheka peke yangu barabarani kama mwenda wazimu.

Na bado nilikuwa na nafasi. Ulipokokotwa kurudi Kasongo, patroni alikusimamisha kiwanjani, mashofere wamekuzunguka, akauliza ni nani alikuwa anachunga moto wa bwate. Mimi nilikuwa getini na sahani yako ya wali na sombe ya majani ya muhogo. Hatua kumi, yaya, labda hazikufika. Ukasema, "Ni miye, patro. Nililala." Kusinzia, wewe. Uliniona. Macho yetu yalikutana, na nilipata muda wa kutosha kufungua mdomo. Niliinama nikapanga mfuniko wa sahani.

Ulipopoteza kazi ukaenda Kalemie, nilisema moyoni kwamba watu watasahau. Hawakusahau, wamekufanya neno. Hapa Kasongo mtu akiunguza sufuria wanasema amefanya ya Ramazani. Fundi akichoma shati kwa pasi, ya Ramazani. Watoto ambao hawakujui wanalisema. Na mimi, Mungu anisamehe, siku moja nilisahau sombe jikoni ikashika chini, wageni wapo, na nikalisema mwenyewe, kwa kicheko. Wakacheka wote. Nilitoka nyuma ya nyumba nikaisugua ile sufuria kwa mchanga.

Lakini hata hapo sikusema. Miaka mitano nimekula, nimelala, nimesali, nimekutumia salamu kupitia watu.

Kilichonivunja ni Idi hii. Ulipiga simu, mama akaweka sauti ya nje kwa sababu sikio lake moja limechoka. Alikuambia urudi nyumbani, uje ulime naye, ila gari usiguse tena, maana Mungu hakukupa macho ya kazi hiyo. Alisema kwa upendo. Nawe ukajibu, "Ndiyo, mama." Basi. Ndiyo, mama. Nilikuwa nabandua muhogo, kisu kikaanguka.

Nilimwambia palepale, kabla simu haijapoa mkononi mwake. Kikwembe, soko, namba, harufu, geti, vyote. Hakulia. Aliniuliza nirudie pale uliponiuliza kuhusu mkono wangu. Nikarudia. Akainuka akaingia ndani, na siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne tulikwenda wote kwa patroni, mama akitembea mbele. Patroni alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema jipu ile alishaiuza vipande, kwa hiyo nimechelewa kumwambia. Kisha akauliza kwa nini basi wewe ulikubali. Mama ndiye aliyemjibu: "Sababu iko yaya yake." Shofere mmoja mzee, yule aliyelianzisha lile neno, alivua kofia akatoka nje.

Sijui kama jina lako litarudi lote. Nitalisema hili kisimani, sokoni, kwenye harusi, popote nitakaposikia ya Ramazani, nitasimama niseme ya nani. Na nikienda Kabambare nitalisema na kule, hata mbele ya yule mama na samaki wake.

Mama amekaa karibu yangu ninapoandika. Amenikataza kuandika kwamba ni mzima, anasema utajua ukifika. Ameniamuru niandike hili tu, na nimelirudia kumsomea mpaka akaridhika: anaomba umsamehe kwa kuamini kwamba mtoto wake alilala. Anasema wageni walikuwa na haki ya kuamini, yeye hakuwa nayo. Mimi ndiye niliyemfanya mama yetu akukosee wewe, miaka mitano, kila alipotaja jina lako. Mjibu yeye kwanza. Mimi bado sijafika mahali pa kuomba.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Zaina