Sikio Zima Linalokwenda Hospitali Alhamisi

Mpendwa mshauri, naomba unijibu kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi mke wangu ananipeleka kwa daktari wa masikio, na sikio lenyewe ni zima kama lako.

Mimi ni mwalimu wa udereva, mtu mzima, naheshimika, na katika gari langu la kufundishia nimeshakaa na waoga wa kila aina, wanaolia wakifika kwenye mzunguko, wanaofumba macho wakiona lori, na wote nawaambia tulia, pumua, gari halina meno, na wasipotulia nawafokea kidogo. Basi mke wangu, ambaye ni fundi wa kushona magauni ya harusi na mwaka mzima hainui kichwa kwenye cherehani, aliponiambia likizo hii anataka twende kisiwani tukajifunze kupiga mbizi, nilicheka, nikamwambia twende tu, kazi yangu itakuwa kukushika mkono usije ukanizimia huko chini, nikawatangazia ofisini, nikamtangazia na mama mkwe, na shemeji yangu mdogo nikamwahidi picha nikiwa na papa.

Siku ya kwanza walitufundisha kwenye bwawa la hoteli, maji ya kifuani, na nilifanya vizuri hata mkufunzi akanipigia makofi. Siku ya pili wakatupeleka baharini na boti, wakatuvika suti za mpira, miwani, mapezi miguuni na mitungi ya hewa mgongoni, na huko wana utaratibu kwamba kila mtu anapewa mwenzake, mnakaguana vifaa, mnashuka pamoja, mnaulizana kwa vidole kama mko sawa, na mwenzangu bila shaka alikuwa mke wangu, basi tukaanza kushuka tukifuata kamba, nikatazama chini nikaona kamba inaendelea kwenda na mwisho wake siuoni, na mshauri usinicheke, mguu wangu wa kulia ukaanza kutafuta breki. Gari la kufundishia lina breki ya pili upande wa mwalimu, ndiyo iliyonilinda miaka yote, sasa nakanyaga, hakuna kitu, nakanyaga tena, pezi linapiga maji tu, mke wangu akanisogelea mpaka miwani zetu zikakaribia kugongana, akaniuliza kwa vidole, uko sawa? nikamjibu kwa vidole, niko sawa kabisa, halafu hapo hapo nikashika sikio la kushoto nikaonyesha kwamba linauma.

Kwa wapiga mbizi sikio halina mjadala, likiuma hushuki, kwa hiyo nilipokewa juu kwa heshima zote, nikapewa maji ya kunywa na taulo, na siku zote zilizobaki nikakaa kwenye boti na nahodha nikilinda viatu vya watu. Mke wangu akapewa mwenzake mwingine, daktari wa meno mstaafu mwenye mapezi ya njano, na kila wakipanda juu wanaongea wote kwa wakati mmoja, umemwona yule kasa, umeona alivyotugeukia, na mke wangu anacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu uchumba wetu, huku mimi nauliza kasa gani, jamani, kasa gani, na hakuna aliyenijibu.

Nilidhani tukirudi nyumbani yatakwisha, kumbe ndiyo yanaanza. Mama mkwe ameambiwa mkwewe hasikii vizuri, sasa akija ananisalimia kwa kelele hadi majirani wanachungulia, na mimi nasahau sikio lipi ndilo bovu, juzi nikashika la kulia nikiugulia, akapiga yowe, "Mungu wangu, limehamia!" Mke wangu ananihurumia sana, tukiwa mezani siku hizi anakaa upande wangu wa kushoto na kunong'ona, maana maskini husahau kwamba huo ndio upande mgonjwa, juzi alinong'ona kuna kipande cha keki kimebaki jikoni, nikaenda kukichukua, niliporudi nikamkuta anatabasamu, nadhani anapenda kuniona nikila. Daktari wa masikio amemtafuta mwenyewe, na kila jioni ananieleza urefu wa sindano itakayotumika, ananionyesha kwa tepu yake ya kupimia magauni, na nimegundua kila jioni inazidi kurefuka.

Sasa kilichonifanya niandike ni hiki. Yule daktari wa meno amepiga simu, kikundi chao kinarudi kisiwani, wamemwekea mke wangu nafasi, nikamsikia akimjibu, "Hapana, siendi mpaka mume wangu apone. Mwenzangu ni yeye." Mshauri, nilikwenda kusimama bafuni. Nikisema nimepona, nitarudishwa kwenye ile kamba, na hapa ninapoandika tu jasho linanitoka. Nikisema sijapona, Alhamisi natobolewa, na yeye anakosa kitu pekee alichowahi kuniomba kwa ajili yake mwenyewe. Nikisema ukweli, atajua kwamba mwanamume anayefokea waoga kila siku ndiye mwoga mkubwa kuliko wote, na nampenda, naogopa kuanzia siku hiyo atanihesabu kuwa mtu wa kulinda viatu tu. Je, kuna dawa ya matone inayoweza kulifanya sikio lionekane bovu mbele ya daktari?

Ni mimi,
Mpiga Mbizi wa Nchi Kavu

MSHAURI ANAJIBU

Mpiga Mbizi, matone hayo sina, na ningekuwa nayo ningekutia machoni, maana huko ndiko kwenye ugonjwa.

Kwanza pole, na pole hii natoa kwa moyo. Kutazama chini usione mwisho kunatisha, na mwili wako ulifanya kazi yake. Ungekuwa umeniandikia kuhusu woga tu, ningekujibu kwa mistari miwili, ukaenda kulala.

Lakini rudi kwenye barua yako, pale kwenye keki. Mwanamke ananong'ona kwenye sikio bovu, nawe unainuka kwenda kuchukua keki, halafu unaniandikia kwamba amesahau. Mwalimu, mtu anayeshona shanga moja moja kwenye gauni la bibi harusi hasahau mumewe anaumwa upande gani. Na hiyo sindano inayorefuka kwa tepu? Unataniwa, baba. Mkeo anajua. Alijua pale pale kwenye kamba, alipokuuliza kama uko sawa ukamwambia uko sawa kabisa, mguu wako ukikanyaga breki ya gari lisilokuwepo. Katika nyumba yenu asiyejua ni mama mkwe peke yake, na huyo mwonee huruma, koo litamharibikia bure.

Unaogopa akijua atakuonaje. Ameshajua, na ulimsikia mwenyewe kwenye simu alivyosema. Hajakutangaza, hajakuumbua mbele ya shemeji, kila jioni anakutupia neno kwenye hilo sikio lako ili uchoke kudanganya na useme mwenyewe. Wewe unakula keki.

Sasa nikufokee kidogo, kama unavyofokea wenzako. Nilimpigia simu mtu anayefundisha kazi hiyo ya kupiga mbizi, nikamuuliza mtu akiogopa huko chini anafanyaje. Akanishangaa. Akasema hilo ndilo tunalofundisha mwanzo kabisa, kwenye bwawa: yeyote, wakati wowote, kwa sababu yoyote, akiinua kidole gumba, yeye na mwenzake wanapanda juu, na haulizwi kwa nini. Ndiyo breki uliyokuwa unaitafuta kwa mguu! Ulifundishwa bwawani, ukapigiwa na makofi. Ungeinua kidole, mkeo angepanda nawe, mngekaa wote kwenye boti mkipigwa na upepo. Badala yake ulizua ugonjwa, ukamwacha ashuke na mtu mwingine, halafu unamwonea wivu mzee wa watu na mapezi yake ya njano, wakati nafasi hiyo ulimpa wewe.

Na wale wanaolia kwenye mzunguko, kuanzia kesho waheshimu. Wao angalau wanalia mbele yako, hawakwambii kiatu kinabana.

Fanya hivi, na ufanye leo, usingoje Jumatano. Jioni mkikaa mezani mwache akae kushoto kwako. Akinong'ona chochote, mjibu hapo hapo, kwa sauti ya kawaida. Kisha mwambie, "Mke wangu, sikio ni zima. Niliogopa." Koma hapo. Usitaje mkondo wa maji, usisingizie mtungi, usilete habari za presha. Atacheka, na atacheka sana, kwa sababu amekibana kicheko hicho tangu kisiwani. Mwache amalize. Si uliniambia kile cha kwenye boti hukuwa umekisikia tangu uchumba? Hiki ni chako.

Baada ya hapo piga simu kwa yule daktari wa masikio, ile nafasi ya Alhamisi apewe mgonjwa wa kweli. Mama mkwe mwambie mwenyewe, usimtume mkeo. Halafu chukua simu, mpigie daktari wa meno, umwambie jina la mkeo liandikwe, na lako liandikwe pia kama mtu wa kwenye boti. Ukitaka siku moja kujaribu tena, anzeni upya kwenye bwawa, wewe na yeye, na kidole gumba kiwe tayari. Usipotaka, basi. Anayelinda viatu kwa sababu amedanganya na anayevilinda kwa sababu anamsubiri mke wake, wote wanakaa kwenye benchi moja, lakini mmoja wao tu ndiye anayeweza kumtazama mkewe usoni anapopanda juu.

Naye akipanda, mpe taulo, umuulize tena kasa gani. Atakusimulia mpaka mfike ufukweni, nawe utasikia kila neno, maana masikio unayo mawili.